Jiwe la Mtungi

Tangazo walilipigilia misumari kwenye nguzo ya geti letu asubuhi, na chai haijachemka watu wa mtaa wote walikuwa wameshalisoma. Nilingoja watawanyike, nikavaa miwani, nikalisoma kwa kidole, neno moja moja. Liliandikwa kwamba Edson Nikodemo, huyu mwanangu, anaomba kibali cha kubadilisha nyumba ya familia moja iwe nyumba ya familia mbili, kila familia na mlango wake, jiko lake na choo chake. Mwenye pingamizi alipeleke ofisi ya mtaa kabla mwezi haujaisha. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba nyumba itapimwa upya ndani na nje.

Hiyo "ndani" ndiyo iliyonikalisha chini palepale getini.

Nyumba yetu iko ukingoni mwa Tunduma, upande unaoelekea Zambia, kwenye safu ya nyumba zilizoigeuzia migongo Nakonde, mji wa kule ng'ambo. Nililetwa hapa bi harusi kutoka Itumba, Ileje, na siku hizo pembeni ya kiwanja palikuwa na jiwe la saruji limesimama kwenye majani. Urefu wake unafika gotini, juu limechongoka, ubavuni lina namba. Lilikuwa jiwe la mpaka. Hakuna aliyelijali. Tulivuka kwenda kwa shemeji zetu Nakonde kuchukua mbegu, tukarudi, na askari aliyekuwa akilinda alikuwa anakunywa chai kwetu.

Marehemu mume wangu, Nikodemo, alipoongeza jiko, lile jiwe lilikuja kukaa pale ukuta wa nyuma unapotakiwa kupita. Mafundi wakamwambia, tuling'oe. Nikodemo akakataa kabisa. Alikuwa mtu wa kuheshimu mambo. "Hilo ni la Serikali," akasema, "mali ya Serikali haiguswi." Basi badala ya kuling'oa akausogeza ukuta nje zaidi, jiwe likabaki ndani ya jiko, salama, halijaguswa. Nikaweka mtungi wa maji juu yake, na pembeni chungu cha chumvi ya Ivuna, kwa sababu pale pana ubaridi. Watoto wangu wote wamekua wanaliita jiwe la mtungi.

Sasa tangu mwaka juzi kuna watu wanatembea na rangi nyekundu. Wanatoka nchi zote mbili, wanatafuta mawe ya zamani ili mpaka ujulikane upya, na nyumba yoyote iliyoukaribia sana inabomolewa. Jiwe la kilimani wamelipata. Jiwe la chini bondeni wamelipata. Kati ya hayo mpaka unapinda, na pa kupindia wanapatafuta. Wa huku wanasema panapinda hapa, wa kule wanasema pale, wanabishana, wanaondoka. Wakija kutuuliza, safu yetu nzima inasema haijui. Maana kama pa kupindia ni jikoni kwangu, si nyumba yangu peke yake. Ni ya Mama Leah hapo ubavuni, ni ya wale wanaomfuata, mpaka kwenye mashine ya kusaga.

Kwa hiyo sisi tunaishi kwa ubishi wa watu wengine. Wanapobishana, tunalala.

Edson aliporudi kula nilimwekea ugali wake, nikakaa karibu.

"Mwanangu, kafute lile ombi."

"Mama, kwani kuna ubaya gani? Kazi ya uwakala wa forodha imepungua, wenye malori wanajifanyia wenyewe kwenye simu. Nikitenga vyumba vya nyuma napata mpangaji kesho. Kuna Mzambia mmoja ameshaniuliza."

"Na jiwe?"

Akacheka mpaka tonge likamsakama. Mke wake, Faith, akampa maji.

"Mama! Lile si mguu wa mashine ya zamani tu? Baba alikuwa anakutania. Mpaka uko kule kwenye uzio, madereva wote wanaujua, mmebaki wewe na Mama Leah tu msioujua."

"Mashine haiandikwi namba."

"Haya, tuseme ni mpaka. Unajua anayekuja kupima ni nani? Shemeji Barnaba. Mtu wa nyumbani. Unadhani Barnaba atakuja kuivunja nyumba ya mkwe wake?"

Faith alikuwa anakusanya vyombo. Akasema taratibu, bila kumtazama mumewe, "Kama ni mtu wa nyumbani, si ndiyo vibaya zaidi? Wa nje ungemdanganya."

"Wewe nawe," Edson akasema.

Barnaba amemwoa binti yangu Ruti, wanaishi Vwawa, na kazi yake ni upimaji. Ni kijana mwenye adabu. Kwetu mkwe wa kiume hakanyagi jiko la mama mkwe, wala hamtazami usoni, wala hawaongei ana kwa ana. Akikuona unakuja njiani anapisha. Barnaba hajawahi kuliona jiko langu hata siku moja. Akija hapa anakaa sebuleni, chakula anapelekewa, na salamu yake inanifikia kupitia kwa mtu.

Nisingeweza kumpigia simu. Nikampigia Ruti, nikamweleza lote. Akasema, "Mama, nipe mpaka jioni."

Jioni akapiga. Alikuwa anaongea kama mtu aliyejifunika shuka.

"Nilianza kumwambia, akanikatiza. Amesema, usiniambie jambo la mama. Nikilijua nitaliandika, kazi yenyewe nimeiapia. Lakini jikoni kwake mimi siingii, na nisikoingia sioni. Nitalikadiria jiko kwa nje. Basi, Mama, ndivyo alivyosema. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Wewe kaa jikoni tu siku hiyo. Usitoke."

Nilimshukuru Mungu. Lakini haikunituliza kabisa, maana wiki ileile wale wa rangi walirudi. Tuliwaona kilimani, kofia zao, kamba zao. Walipoteremka, nyumba ya Kasiani ilikuwa na alama ya X mlangoni, kubwa, rangi ikichuruzika. Kasiani ni fundi viatu, hana ugomvi na mtu. Siku zilizofuata tukawa tunasikia mabati yanang'olewa. Bati likivuliwa msumari hulia sauti mbaya, na upepo wa kilimani unaleta kila kitu. Mwisho akapita hapa kwetu anasukuma mkokoteni, juu yake mlango wenye ile X, kwa sababu ulikuwa mbao nzuri, asingeuacha.

"Kasiani, unahamia wapi?" nikamuuliza.

"Bado sijajua, Bibi," akasema. "Nimetangulia kuuhamisha mlango."

Mama Leah alikuwa amesimama getini kwake. Hakucheka.

Kesho yake akaenda kuweka pingamizi. Mwenyekiti wetu wa mtaa anaitwa Osea, mtu wa Mbozi, amekuja hapa ukubwani na familia yake. Hajui habari za mawe. Ni mwaminifu, na hilo ndilo lililotutisha. Akatuita ofisini sote: Mama Leah, Edson, mimi, na wa safu yetu waliotaka kuja, na walikuja wote.

"Mama Leah unapinga ombi la jirani yako," Osea akasema. "Sababu?"

"Choo."

"Choo kimefanya nini?"

"Kitajaa. Familia mbili hizo, na huyo Mzambia bado hatujamwona ukubwa."

Watu wakacheka. Hata mimi. Ila kilikuwa kicheko kifupi, kikafa chenyewe.

"Ramani inaonyesha choo kipya," Osea akasema.

"Basi kelele."

"Mama, unaishi Tunduma. Malori yanaunguruma mchana na usiku, useme kelele?"

Edson akasimama. "Mwenyekiti, huyu ana wivu tu. Nyumba yake ina bati la kutu, ya kwangu itakuwa na milango miwili. Hana lingine."

Mama Leah akamgeukia. "Wivu? Mimi nimekubeba mgongoni wewe, umenikojolea gauni la kanisani, leo nikuonee wivu?" Halafu akanigeukia mimi. "Mama Edson, sema. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Wote wakanitazama. Wale wa safu yetu walinitazama kwa namna ambayo Osea angekuwa makini angeielewa. Nikisema sitaki, ataniuliza sababu, na mimi kudanganya mbele ya watu sijui. Nikiitaja sababu, jiwe nimelileta mwenyewe mezani.

"Mwanangu ameshaomba," nikasema. "Nyumba ipimwe tu." Nilikuwa namtegemea Barnaba na adabu yake.

Mama Leah akashusha macho. Tukarudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma.

Siku ya kupimwa nikaamka, nikasali, nikajaza mtungi pomoni, nikalifunika jiwe lote kwa kitenge kuanzia juu mpaka sakafuni. Nikakaa kwenye kigoda, mgongo ukiuegemea mtungi, nikaanza kuchambua maharage. Maharage yenyewe yalikuwa safi.

Barnaba alifika na chombo chake cha miguu mitatu. Osea alikuja kama shahidi, kwa sababu yeye ndiye wa kutia sahihi. Majirani walikuja, hakuna aliyewaita. Nilikuwa nawasikia kupitia ukutani. Barnaba alizunguka nje, akaingia sebuleni, akapima vyumba vya kulala, Edson akimshikia kamba na kuchekacheka. Kisha wakafika nyuma ya jiko. Nikasikia magoti yanagusa changarawe.

"Mwambieni mama shikamoo," sauti ya Barnaba ikasema. Ilikuwa inaelekea chini.

"Mama, shemeji anakuamkia!" Edson akapaza.

"Mwambie marahaba. Mwambie Mungu ambariki."

Barnaba akanyanyuka. "Jiko tayari. Nimechukua pembe za nje, ndani nitakadiria unene wa ukuta."

Nikashusha pumzi. Nikarudi kwenye ungo wangu wa maharage.

"Ngoja kwanza," Osea akasema. "Tangazo linasema ndani na nje. Mimi nasaini kwamba nimeshuhudia ndani na nje. Hapa nimeshuhudia nini?"

"Mwenyekiti, mle yumo mama mkwe wangu."

"Najua. Hata kwetu iko hivyo. Atoke basi, wewe uingie."

"Hata akitoka, jiko ni lake. Siwezi kulikanyaga."

"Basi nipe kamba niingie mimi."

"Kamba haitoshi," Barnaba akasema haraka. "Ni hiki chombo, na chombo nakishika mimi. Lakini kadirio linakubaliwa, Mwenyekiti. Linatosha."

Osea alikuwa anajikuna kidevu, Faith aliniambia baadaye, na angekubali. Alikuwa ameshatoa kalamu.

Hapo Edson akapiga makofi.

"Mnahangaika nini?" akasema. "Huu ukuta si ndio wa kutoboa mlango wa pili? Kibali kikitoka nauvunja. Nauvunja leo. Shemeji anasimama hapohapo nje, hakanyagi jiko la mtu, havunji mwiko, chombo kinaona ndani pembe zote nne. Mila imeheshimiwa na Serikali imeheshimiwa!"

Baadhi ya watu wakacheka, mmoja akasema, "Huyu kweli mtoto wa Nikodemo." Kweli alikuwa mtoto wa Nikodemo. Nikajikuta nimesimama, maharage yamemwagika yote.

"Edson!" nikaita. "Usiguse ukuta wa baba yako!"

"Mama, toka kidogo tu, usije ukaumia."

"Shemeji, acha," Barnaba akasema. "Nimekwambia kadirio linatosha."

"Wewe unaogopa kunigharimu. Usijali, ndugu yangu."

"Shemeji. Nakuomba. Acha."

Edson alikuwa ameshakwenda kuchukua nyundo. Ni nyundo kubwa ya baba yake ya kupasulia mawe. Nilisikia Mama Leah anasema, "Edson mwanangu, sikiliza, nisikilize mimi hata kama unanichukia," na Edson akamjibu, "Mama Leah, leo siyo choo."

Pigo la kwanza lilitikisa masizi yote ya paa, yakanimwagikia kichwani. La pili likatoa tofali moja, na mwanga ukaingia jikoni mahali ambapo haujawahi kuingia. Niliukumbatia mtungi. Faith akaja kwa ndani mbio, akanishika kiunoni, akanivuta. "Mama, twende. Mama, utakufa hapa." Nilikataa, lakini yeye ni kijana, akanishinda. Tulipofika mlangoni ukuta ukaanguka wote kwa pamoja, kama mtu aliyechoka.

Vumbi lilikaa hewani. Lilipotulia, mtungi ulikuwa umepasuka vipande viwili na maji yote yamemwagikia jiwe. Kitenge kilikuwa kimechukuliwa na matofali. Masizi na mafuta ya miaka yote vikawa vinatiririka chini, meusi, na ile namba ubavuni ikajitokeza, tarakimu moja baada ya nyingine, safi, kana kwamba imeandikwa jana.

Malori yalikuwa yanaunguruma kule barabarani. Halafu Mama Leah akasema, "Yesu wangu," akaweka mikono kichwani.

Osea alisogea, akainama, akapitisha kidole kwenye namba. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

"Barnaba," akasema. "Hebu njoo uone hapa."

Barnaba alikuwa ametupa mgongo. Tangu ukuta ulipotikisika alikuwa amegeuka akitazama barabara, mikono ameishika nyuma.

"Siwezi, Mwenyekiti. Mama yupo hapo wazi."

Nikaelewa. Nikaukung'uta mkono wa Faith, nikarudi jikoni, kama bado pangeweza kuitwa jikoni. Nikakaa chini sakafuni kwenye matope, ubavu kwa ubavu na jiwe, juani, mbele ya watu wote, kichwa kimejaa masizi. Nikikaa pale hageuki. Asipogeuka haoni. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

"Bibi, inuka tafadhali," Osea akasema.

"Nimechoka, Mwenyekiti. Nipumzike kidogo."

Edson alikuwa amesimama na nyundo. Alikuwa anaitazama ile namba. Midomo yake ilikuwa inatembea kama ya mtoto anayejifunza kusoma.

"Si mguu wa mashine?" akasema. Sijui alikuwa anamuuliza nani.

Nilikaa. Jua likapanda, likanihama, likaja upande wa pili. Watu hawakuondoka. Barnaba hakugeuka, hakukaa, na shati lake lililoa jasho mgongoni lote. Mara moja Osea alimwambia, "Wewe ni mtaalamu, niambie tu hili ni nini," na Barnaba akajibu, "Mimi sijaona kitu, Mwenyekiti. Najua yupo mkwe wangu tu, na yeye sipaswi kumwona." Osea alitingisha kichwa. Hakuwa na hasira. Nadhani alituonea huruma, lakini alikuwa ameshaisoma namba, na kama nilivyosema, ni mtu mwaminifu. Akatoka getini akapiga simu, ameziba sikio moja kwa sababu ya malori.

Walikuja kabla jua halijazama. Vijana wa adabu tu, kofia, kamba, kopo la rangi. Hao hawajaoa kwangu. Mmoja wa upande wa kule alipiga magoti akanipa mkono. "Bamayo," akasema, akiniita mama kwa lugha ya kwao, "tunaomba usogee pembeni kidogo." Nikamtazama usoni, ni mtoto mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. Nikasogea. Ningefanya nini?

Wakafunga kamba kwenye jiwe. Kamba ikapita jikoni, ikapita katikati ya ukumbi, ikapita juu ya kitanda cha Edson na Faith, ikatokea dirishani kwenda kwa Mama Leah. Mama Leah alikuwa amesimama mlangoni kwake amefumbata mikono. Kamba ilipomfikia kifuani hakuisogeza.

"Mama Edson," akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeazima kiberiti. "Na kwangu pia?"



Barnaba alikunja chombo chake. Alikikunja kwa kupapasa, mgongo bado umetuelekea, akakibeba begani, akatoka getini bila kugeuka. Pale nguzoni alisita kidogo mbele ya lile tangazo, akainama kama anayeaga, akaenda.

Faith alikuwa amechuchumaa anaokota chumvi kwenye matope, punje punje, anaiweka kwenye kipande cha mtungi. Nilitaka kumwambia aiache, imeshaharibika, lakini niliona mikono yake inahitaji kazi.

Edson akaja akapiga magoti mbele yangu. Alikuwa bado ameshika nyundo, nadhani alikuwa ameisahau.

"Mama," akasema, "matofali mengi ni mazima. Udongo upo. Nikianza sasa hivi, kabla ya giza ukuta unafika kiunoni. Niujenge, Mama?"

Huko mbele, kwenye mlango wa sebuleni, nilisikia brashi inatembea. Mara moja kushuka, ikachovywa, mara moja kupanda.

"Kalete maji, mwanangu," nikamwambia. "Mama yako ana masizi kichwani."